Kulipia kitanda, kukosa meza: kisa cha mwanafunzi wa Dar es Salaam huko Salamanca

Mhusika ni mwanamke wa miaka 28, Muislamu, mkazi wa Tabata, mpangaji wa safari katika kampuni ndogo ya utalii. Kampuni ilikuwa inapata wateja wa Kihispania wanaotaka Serengeti na Zanzibar kwa mkupuo mmoja, na kila wakija inabidi kumkodi mwongozaji kutoka Arusha. Mwajiri akaamua kumsomesha: wiki 10 Salamanca, Hispania, kuanzia katikati ya Septemba hadi mwishoni mwa Novemba, masomo 20 kwa wiki, malazi kwa familia. Kabla ya safari alisoma kwa intaneti miezi minne na kumaliza ngazi ya A1, ya chini kabisa kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, inayofuatwa na A2 kisha B1. Walichokubaliana ni kwamba akirudi aweze kumpokea mgeni uwanja wa ndege, kumwelezea ratiba, na kupokea simu ya mteja aliyekasirika.

Kisa hiki tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanafunzi wa aina yake. Hakuna mtu mmoja anayesemwa hapa.

Wiki ya nne alimwandikia mwajiri kwamba anataka kuhamia nyumba ya kupanga na wanafunzi wenzake. Sababu alizotoa ni tatu: mwenyeji wake hampendi, chakula hakiliki, na Kihispania hakipandi. La tatu lilikuwa kweli tupu. Wenzake watatu walishapandishwa darasa, yeye akabaki palepale mwanzoni mwa A2. Mawili ya kwanza hayakuwa kama alivyodhani.

Kwanza tuseme kwa nini Salamanca, maana swali hilo huulizwa sana. Wateja wa kampuni wanatoka Hispania, kwa hiyo lafudhi ya Castilla, eneo la Hispania ambamo Salamanca imo, ndiyo atakayoisikia kazini. Ubalozi wa Hispania uko Dar es Salaam, na kozi isiyofika siku 90 huhitaji viza ya Schengen, ile inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi tu, ambayo ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima lazima ifikie euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15. Anayesafiri Septemba asingoje Agosti. Antigua ya Guatemala husifiwa kwa masomo ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja na familia za bei nafuu, na sifa hizo ni za haki, ila kwa anayetoka Dar nauli hula akiba yote.

Fomu iliyojazwa Dar

Shule ikishakubali malipo hutuma fomu ya malazi. Watu wengi huijaza kwa dakika tano wakiwa kwenye daladala. Ndiyo karatasi pekee ambayo familia itaiona kabla mgeni hajabisha hodi, na robo tatu ya matatizo ya kisa hiki yalianzia humo.

Kwenye lugha mama aliandika Kiswahili. Shule nzuri haiweki nyumba moja wanafunzi wenye lugha mama moja, ili wasikae wakipiga soga kwa lugha ya kwao. Mratibu alipoona Kiswahili hapa na Kiingereza kule, akaona hakuna mgongano, akamweka nyumba moja na mwanafunzi Mmarekani. Jioni zote zikaenda kwa Kiingereza. Mtanzania ajaze zote mbili: lugha mama Kiswahili, na chini yake aandike kwamba anazungumza Kiingereza vizuri na anaomba asiwekwe na mtu anayekizungumza. Fomu haiulizi hilo. Andika hata kama halijaulizwa.

Kwenye chakula aliandika "no como cerdo", sili nguruwe. Hapa ndipo wengi huumia. Kwa mwenyeji wa Castilla, tena mkoa huohuo ambao mji wake wa Guijuelo unasifika kwa jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, nguruwe ni kipande cha nyama kinachoonekana kwenye sahani. Mfupa wa jamón uliochemshwa kwenye supu kisha ukatolewa hauhesabiki. Jumatatu ya kwanza usiku ililetwa supu ya tambi, nyepesi, ya rangi ya dhahabu. Alipopeleka bakuli jikoni akaona mfupa umelala kwenye sinia kando ya jiko, mweupe upande mmoja na vinyama vyekundu upande wa pili. Kesho yake zikaja maharage ya kijani, na mwenyeji, kwa nia njema kabisa, alikuwa amekaa akizitoa chembe za jamón kwa uma moja baada ya nyingine, akazihamishia kwenye sahani yake mwenyewe. Mgeni hakusema kitu. Alikula mkate, akasema ameshiba.

Ukisema umeshiba Uswahilini, mwenye nyumba atakusihi mara mbili tatu, na hapo ndipo ukweli hutoka. Castilla ukisema umeshiba, umeshiba. Mwenyeji akaelewa kwamba binti huyu ni mlaji mdogo, akapunguza chakula. Kufika wiki ya tatu kila usiku ni majani ya saladi na tortilla ya viazi, ambayo kwa mtu wa Dar ni chipsi mayai iliyonenepa. Nzuri, ila si kila siku. Yeye akaona ananyimwa. Mwenyeji akaona anadharauliwa mapishi.

Maneno ya kuandika kwenye fomu ni haya, na ni bora yachapwe pia kwenye karatasi ya kubandika jokofuni:

"No como cerdo ni nada cocinado con cerdo: ni jamón, ni chorizo, ni tocino, ni manteca de cerdo, ni caldo hecho con hueso de jamón. Tampoco tomo alcohol, ni en las salsas. Sí como pescado, huevos, legumbres, verduras, arroz y queso."

Yaani: sili nguruwe wala chochote kilichopikwa kwa nguruwe, si jamón, si chorizo (soseji ya nguruwe), si mafuta yake, wala mchuzi (caldo) wa mfupa wa jamón; pombe pia situmii, hata kwenye rojo; ila nakula samaki, mayai, jamii ya kunde, mboga, wali na jibini. Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mpishi akipewa orodha ya makatazo peke yake huogopa na kuishia kwenye saladi. Mwambie unachokula. Na usitumie "sin carne", bila nyama, ukidhani itakusaidia: wako wanaoelewa kwamba hapo jamón bado inaruhusiwa. Kuhusu nyama halali ya kuku au ng'ombe, usimtwishe mwenyeji kazi ya kuitafuta. Samaki, mayai na jamii ya kunde zinatosha kwa wiki 10. Masomo yakiangukia Ramadhani, fomu ieleze saa za futari na daku, maana chakula cha usiku cha nyumba kitakuja muda mrefu baada ya magharibi. Na kwa kuwa Wahispania wengi hufuga mbwa ndani ya nyumba, asiyetaka mbwa aseme.

Kosa la tatu kwenye fomu ndilo kubwa kuliko yote, ingawa lilitokana na nia ya kubana matumizi. Mwajiri alichagua mpango wa milo miwili, yaani media pensión: kifungua kinywa na chakula cha usiku. Unapungua bei kidogo kuliko milo mitatu, pensión completa. Kwa mtazamo wa Dar ni chaguo la busara, kwani sisi familia hukutana usiku. Hispania mlo mkubwa ni wa mchana, kati ya saa nane mchana na saa kumi. Hapo ndipo anayefanya kazi jirani hurudi nyumbani, supu, kozi ya pili, tunda, kahawa, halafu watu hawaondoki. Kile kikao cha baada ya kula, sobremesa, ndiyo darasa halisi la mgeni: mtu analalamikia bili ya umeme, mwingine anamsema jirani, hakuna anayepunguza kasi kwa ajili yako lakini hakuna anayekukimbia.

Mhusika wetu muda huo alikuwa Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, kwenye benchi, mkononi mkate wa jibini, anapitia msamiati kwenye simu.

Hebu tupige hesabu ya Kihispania alichokisikia nyumbani. Asubuhi mwenyeji ameshatoka. Ameacha maziwa, biskuti na kahawa mezani. Dakika sifuri. Usiku chakula saa tatu na nusu, televisheni imewashwa kwenye taarifa ya habari, mlo mwepesi, kila mmoja amechoka. Dakika 20, labda 25. Katikati ya dakika hizo simu inaita kutoka Tabata. Mwishoni mwa Septemba Hispania iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu na nusu ya kule ni saa nne na nusu ya huku, wakati ambao nyumbani wamemaliza kula na wanataka kumjulia hali mtoto. Ananyanyuka, anaingia chumbani, anafunga mlango.

Saa na heshima

Jumamosi ya pili mwenyeji alimwambia kesho watakula saa tisa mchana, binti yake anakuja na wajukuu: "mañana comemos a las tres". Ulikuwa mwaliko, nje ya mkataba, bure. Mgeni akasikia tres, tatu, akaweka kichwani saa tatu. Tena comer kwa Wahispania, ikitajwa bila maelezo, ni kula mchana, jambo ambalo kitabu cha A1 hakikulisisitiza. Siku nzima alikuwa nje. Akarudi saa tatu usiku. Sahani yake ilikuwa imewekwa tangu mchana.

Mswahili aliyesoma huhama kutoka saa zake kwenda saa za Kiingereza bila kufikiri, kwa sababu amefanya hivyo tangu shule ya msingi. Kwenye lugha mpya kichwa hurudi kwenye Kiswahili kwanza, hasa ukiwa umechoka. Dawa yake ni ya kawaida: weka simu kwenye saa 24, na kila ukiambiwa muda rudia kwa sauti pamoja na shughuli yenyewe, "¿a las tres, para comer?" Swali hilo fupi lingeokoa ile Jumapili.

Kuhusu heshima, hakukosea kwa ubaya. Mwenyeji ana miaka 60 na kitu, umri wa kuamkiwa shikamoo, hivyo alimwita señora na kutumia usted, "wewe" ya heshima. Aliambiwa siku ya pili atumie tú, "wewe" ya mazoea. Akaendelea na usted kwa sababu ulimi ulikataa. Hakuingia jikoni bila kuitwa, hakukaa sebuleni mpaka akaribishwe. Muda mwingi alikuwa chumbani. Kwa malezi ya kwetu huyo ni mgeni mwenye adabu. Kwa yule mama, mlango uliofungwa na usted isiyokoma vilimaanisha mtu asiyetaka mazoea. Mtu anayemwita tú mama wa watu hamvunjii heshima akiwa kule, amekubali kukaa.

Mambo madogo yalizidisha. Alitembea miguu mitupu ndani, kama tunavyofanya baada ya kuvua viatu mlangoni, na kule huonekana ni kutafuta mafua au kuchafua sakafu, ndara zingetosha. Alioga mara mbili kwa siku, kila mara muda mrefu, kwenye nyumba yenye tangi la maji ya moto linalotumiwa na watu watatu, na wa mwisho kuoga alikuta ya baridi. Aliyezoea ndoo na kopo hutumia maji kidogo kuliko mtu yeyote, lakini bomba la juu hufuta tabia hiyo ndani ya siku mbili. Lowanisha, funga, jipake sabuni, fungua.

Kilichofanyika wiki ya tano

Hakuhamishwa. Tunaamini ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu nyumba ya kupanga na wanafunzi ingemaliza tatizo la supu na kuua kabisa lengo la safari.

Mratibu wa malazi wa shule, mtu ambaye wanafunzi wengi hawajui hata ofisi yake iko wapi, aliwakalisha wote wawili pamoja na mwalimu mmoja. Hatua ya kwanza: mpango wa milo ulibadilishwa kuwa mitatu kwa wiki sita zilizobaki. Mwajiri aligoma mpaka alipoonyeshwa kwamba chakula cha mchana cha mkahawani, menú del día, ni euro 12 hadi 15 kwa mlo, na kwamba mkate wa benchini nao ulikuwa unanunuliwa. Malipo yalipitia shuleni, si mkononi mwa familia. Hilo lishikwe sana, kwa sababu fedha zikipita pembeni, siku ya ugomvi shule haina la kusema.

Karatasi ya chakula ikabandikwa jokofuni. Mwenyeji aliposoma neno caldo alishtuka. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mapishi yenyewe hayakubadilika sana: supu ileile kwa mchuzi wa kuku wa dukani au wa mboga, dengu bila chorizo, samaki aina ya merluza mara mbili kwa wiki.

Simu za nyumbani zilihamishiwa saa kumi na mbili jioni ya Salamanca. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za Ulaya ziliporudishwa nyuma, tofauti ikawa saa mbili, na Tabata wakaambiwa wapige saa mbili usiku ya kwao badala ya saa moja. Mmarekani alikubali kwamba jikoni ni Kihispania tu. Alivunja makubaliano karibu kila siku, lakini mezani mchana hakuwapo, na hiyo ilitosha.

Jambo lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa la kusahihishwa kosa la aina moja kwa wiki. Mwenyeji akiombwa asahihishe kila kitu, ama atamkatiza mgeni kila sentensi mpaka anyamaze, ama atachoka siku ya pili. Wiki ya tano waliteua mkazo wa vitenzi. Msemaji wa Kiswahili ana bahati kubwa kwenye matamshi ya Castilla: irabu tano ni zilezile, sauti ya cinco ni ile ya thelathini, j ya jueves ina kheri ndani yake, ñ tunayo, na upatanisho wa sifa na nomino haumtishi mtu aliyekua na ngeli. Wazungu wengi darasani huteseka na hayo. Kinachomwangusha Mswahili ni mkazo, kwa sababu ulimi wake huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuliza. Maneno mengi ya Kihispania hufuata kanuni hiyo, na hapo ndipo mtego ulipo, kwani akifika kwenye yale yasiyoifuata hagutuki. Llamo al hotel ni "napigia hoteli simu". Llamó al hotel ni "yeye aliipigia hoteli simu". Kwa mpanga safari, hiyo ni tofauti kati ya chumba kilichothibitishwa na kisichothibitishwa. Mwenyeji alipewa kazi moja: akisikia mkazo umekosewa, agonge meza kidole kimoja, asiseme kitu. Wiki ya sita ikawa ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", ya saba viwakilishi vya shamirisho.

Mgeni naye alitakiwa kuja mezani na maswali matatu yaliyoandaliwa, yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Ukimuuliza mama wa Salamanca kama ameishi hapo muda mrefu utapata "sí". Muulize mtaa ulikuwaje kabla ya kujengwa upya, utapata dakika 15.

Katikati ya Novemba baridi iliposhuka karibu na sifuri usiku, mwenyeji alimwita akae kwenye mesa camilla, ile meza ya duara yenye kitambaa kizito mpaka chini na hita ya umeme, brasero, chini yake. Miguu yote hukutana humo ndani. Ukishakaa hapo hutaki kurudi chumbani, na hilo liliongeza saa za mazungumzo kuliko mpango wowote wa shule.

Wakati ambapo kuhama ni lazima

Tusieleweke vibaya: kusuluhisha si jibu la kila kisa. Chumba kisicho na dirisha au kisichopashwa joto, mlango wa chumba usiofungika, jiko linalofungwa kwa ufunguo, mwanaume wa nyumba anayezidisha mazoea, mwenyeji anayeendelea kupika kwa nguruwe baada ya kuelezwa kwa maandishi: hapo usikae kikao, omba kuhamishwa siku hiyohiyo na uandike barua pepe ili tarehe ibaki. Kwa sababu nyepesi shule nyingi hutaka taarifa ya wiki moja, na nafasi ikiwa ipo. Wiki ya kwanza ndiyo rahisi zaidi kubadilishiwa. Mhusika wetu aliingoja wiki ya nne kwa kuona haya.

Kwenye mzigo, ongeza adapta ya plagi ya pini mbili za duara, kwani plagi zetu za pini tatu haziingii kule. Zawadi nzuri ni khanga, kahawa, majani ya chai, korosho au viungo. Maembe yaache Dar: Umoja wa Ulaya hauruhusu matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian, na nyama na maziwa haviruhusiwi.

Alichorudi nacho

Alimaliza A2 na kuanza B1. Kumpokea mgeni na kumpitisha kwenye ratiba siku kwa siku aliweza. Simu ya mteja mwenye hasira bado ilimshinda, kwa sababu mezani alizoea kuona midomo, mikono na sahani, na simu haina hivyo. Hilo lingezuilika. Kuanzia wiki ya sita mwenyeji angeweza kuombwa awe anampigia kutoka sokoni, amuulize kuna mayai mangapi jokofuni, huku kelele za watu zikisikika nyuma. Na mwanafunzi apige mwenyewe kituo cha basi kuuliza saa za kwenda Madrid, badala ya kutazama kwenye tovuti.

Mwajiri alitaka cheti. DELE, mtihani wa Kihispania unaosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha hiyo, cheti chake hakipitwi na wakati, lakini una tarehe zake maalumu na mtu hujiandikisha mapema. Wiki 10 zake hazikuangukia vizuri. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, hufanywa kwa kompyuta, matokeo hutoka ndani ya wiki tatu na hudumu miaka mitano, na una sehemu nne zinazoweza kufanywa zote pamoja au kwa makundi, kwa mfano mbili mbili. Kwa kazi yake tungechagua kusikiliza na kuzungumza, kisha kuandika na kusoma mwaka unaofuata, baada ya msimu mmoja wa wateja.